Nani Ampishe Nani Majini?



Kikundi kikishaweka akiba, mara nyingi wazo linalokuja ni kununua boti ya mashini. Ni wazo zuri. Maembe na mpunga wa Ozi vyafika Kipini upesi, na mgonjwa vilevile. Lakini mto ni ule ule mmoja. Humo mna mtumbwi wa kasia, mna mashua ya tanga, na sasa mna boti yenu. Je, nani ampishe nani?

Msidhani ni mambo ya kubahatisha. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano ya vyombo zilitungwa 1972, zikaanza kutumika 1977. Zahusu bahari na maji yanayoungana nayo ambamo meli hupita. Tuzitazame zile kubwa.

1. Mashini hupisha tanga. Sababu ni hii: mashua haiwezi kuukabili upepo moja kwa moja. Yabidi ibishe, mara huku, mara kule. Mwenye mashini aweza kupunguza mwendo au kupinda atakapo.

2. Penye mkondo mwembamba mambo hubadilika. Chombo kidogo, na hata cha tanga, kisizuie meli isiyoweza kutoka nje ya mkondo. Meli kubwa hata ikizima mashini huenda ikasonga kilomita moja na zaidi kabla ya kusimama. Pale Likoni, feri hukata njia ya meli ziendazo Kilindini, na meli ikija, feri husubiri. Wenzetu wanaokwenda Lamu kwa tanga wakumbuke hilo: tangu gati la kwanza la bandari mpya lifunguliwe Mei 2021, meli kubwa hufika huko.

3. Boti mbili za mashini zikikutana uso kwa uso, kila moja hupinda kulia. Njia zao zikikatana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye apishe.

4. Mashua mbili za tanga: inayopigwa na upepo upande wa kushoto huipisha inayopigwa upande wa kulia. Upepo ukiwa upande mmoja kwa zote, iliyo joshini huipisha iliyo demani.

5. Anayempita mwenzake akitokea nyuma ndiye ajihadhari, awe na mashini au tanga.

Mtumbwi wa kasia je? Busara ni kuupisha. Punguzeni mwendo pia, maana wimbi la boti laweza kuujaza maji mama wa watu akazama bila kuguswa.

Sasa, utajuaje kwamba mtagongana? Kaa pahali pamoja, mlinganishe mwenzako na kitu kilichosimama botini mwako. Akisogea mbele au nyuma ya kitu hicho, yaelekea mtapishana. Akibaki palepale huku akizidi kuwa mkubwa, mtagongana! Pinda mapema, na upinde kiasi cha kuonekana.

Penye kona usipoona mbele, kaa upande wako wa kulia, piga pembe mlio mmoja mrefu wa sekunde 4 hadi 6. Aliye ng'ambo ya kona ajibu vivyo hivyo. Usiku, hata mwenye kasia awe na tochi tayari, aiwashe mapema.

Jambo jingine ni mzigo. Feri ya Mtongwe iliyopinduka 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa, haikugongana na chombo. Ilijaza watu kupita kiasi. Chombo kilichojaa mno ni kizito kupinda, na anayetakiwa kupisha asipoweza kupinda, sheria haimsaidii.

Mwisho, haki ya njia si ngao. Ukiona anayetakiwa kupisha hapishi, fanya uwezalo kuepa. Maiti hana haki ya njia.

Ya kujadiliana kikundini:

- Ni kona zipi kati yetu na Kipini zilizo hatari zaidi?
- Anayeshuka na maji ni vigumu kwake kusimama. Je, tukubaliane anayepanda angojee kabla ya kona?
- Boti yetu ibebe watu wangapi, na nani mwenye uwezo wa kumwambia nahodha "basi, imetosha"?

Mkiafikiana, andikeni makubaliano yenu, myabandike pale watu wanapopandia boti. Waiteni wavuvi na wenye mitumbwi kwenye mkutano huo. Mkipanga bila wao, mtakutana nao kwenye kona.