Uhalisia Pepe na Kumbukumbu za Wazee

Makala haya yanadhamiria kueleza namna teknolojia ya uhalisia pepe inavyotumiwa kuwatunza wazee waliopungukiwa na uwezo wa kukumbuka na kufikiri, na kuyapima madai yanayotolewa kuihusu. Istilahi yenyewe ina mtego. Neno "pepe" tumelizoea katika "barua pepe", ilhali mkulima wa mpunga analijua pepe kuwa punje isiyo na kiini. Ni vyema basi kuuliza: mgonjwa anapewa punje, au anapewa pepe?

Mtumiaji huvaa kichwani kifaa chenye picha mbili, moja kwa kila jicho. Kwa kuwa picha hizo hutofautiana kidogo, ubongo huona kina. Ageuzapo kichwa, tarakilishi huibadilisha mandhari papo hapo, naye hujihisi yumo ndani yake. Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha kifaa cha aina hii mwaka wa 1968, kikiwa kimeunganishwa na dari. Siku hizi mzee hukivaa akiwa ametulia kitini.

Dimenshia si ugonjwa mmoja. Ni hali inayosababishwa na maradhi kadhaa ya ubongo, na kuu kati yayo ni ule ulioelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka wa 1906. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 57 waliishi na hali hii mwaka wa 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Aghalabu yaliyotukia jana ndiyo hutangulia kupotea, na ya ujanani hudumu zaidi. Wengi wetu humwona mzee arudiaye hadithi za ujana wake kuwa amepiswa. Robert Butler, tabibu wa akili wa Marekani, alipinga mtazamo huo mwaka wa 1963, akasema kwamba mzee huyo anayapitia upya maisha yake. Fikra hiyo ilichangia kuzuka kwa tiba ya kumbukizi, inayotumia picha, nyimbo na vyombo vya zamani kumchochea mgonjwa azungumze.

Uhalisia pepe umeikuta tiba hiyo ikiwepo. Mfano mzuri ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, uliochapishwa mwaka wa 2019. Ulifanyiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambao hawana ruhusa ya kutoka wapendavyo. Wagonjwa wanane wenye dimenshia, wa umri wa miaka 41 hadi 88, walichaguliwa. Mandhari yalikuwa matano: kanisa kuu, msitu, ufuo wa mchanga, ufuo wa mawe na mashamba. Mmoja aliona daraja, akakumbuka safari aliyowahi kufanya. Mwingine, majuma kadhaa baadaye, alichora picha ya ufuo katika kipindi cha sanaa. Wahudumu nao walipata kujua mambo ambayo hawakuyajua kuhusu watu waliowahudumia kila siku, na kwa maoni yangu faida hii yaishinda ile ya mandhari.

Hata hivyo, wanane ni wachache mno kuthibitisha tiba. Hakuna ushahidi kwamba uhalisia pepe huzuia seli za ubongo kufa. Baadhi ya watumiaji hushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Tena ipo haja ya kumwuliza mgonjwa ridhaa yake kila mara, kwa maana aliyekubali asubuhi huenda jioni asijue alichokubali.

Suala lililo kubwa zaidi kwetu ni lugha na mazingira. Kanisa kuu na ufuo wa mawe huyaamsha ya Mwingereza. Mzee wa Lamu ataamshwa na jahazi likishusha tanga, au baraza la nyumba ya mawe. Wa Kitui ataamshwa na mengine kabisa. Akishaanza kusimulia, anahitaji msikilizaji wa lugha aliyoyaishia hayo, kwa kuwa mwenye lugha mbili, dimenshia ikizidi, mara nyingi huegemea ile ya utotoni.

Hata vipimo vya kujua kama mgonjwa ana nafuu vimefungwa na lugha. Kipimo mashuhuri kilichotungwa Marekani mwaka wa 1975 humtaka mgonjwa arudie kifungu kifupi cha Kiingereza ambacho ugumu wake umo katika sauti zake. Ukikifasiri neno kwa neno, ugumu huo hutoweka, nacho hakipimi chochote. Kipimo hicho hicho humwuliza majira ya mwaka, na watungaji wake walikuwa na majira manne akilini. Mzee wa Pwani akijibu "kusi" mwezi wa Julai, amejibu sawasawa. Muuguzi asiyelijua neno hilo atamwandikia sufuri.