Breketi inavuka mpaka, ukuta hauvuki

Televisheni ya inchi 55 inaweza kupita Mutukula ikiwa imebanwa katikati ya magodoro, ikafika Masaka bila mkwaruzo hata mmoja. Inatundikwa sebuleni, watoto wanapiga makofi, na wiki ya pili inang'oka pamoja na kipande cha lipu. Mteja halaumu ukuta wake. Anamrudia aliyemuuzia breketi.

Wanaozungusha vifaa vya nyumbani kati ya Kariakoo, Kampala, Kigali na Bujumbura wanazijua lawama za namna hii. Breketi, feni za dari, rafu na vioo vikubwa huja na skrubu zake ndani ya boksi, pamoja na zile plagi za plastiki ambazo mafundi wengi huziita fisha. Aliyepakia boksi kiwandani hakujua linakwenda kwenye ukuta gani. Mara nyingi plagi hizo hufaa kwenye zege au tofali gumu lisilo na uwazi ndani, na ukanda huu una kuta za kila namna.

Katika nyumba za zamani za Lamu, Mombasa na Zanzibar, ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Keekee inaweza kugonga jiwe gumu, ukisogea sentimita tatu ukakuta chokaa inayomwagika kama unga. Uganda, Kagera na Kigoma kuna tofali nyingi za kuchoma, na si ajabu chini ya lipu safi kukuta zimeunganishwa kwa udongo. Rwanda wana rukarakara, tofali za udongo zilizokaushwa kwa jua. Goma nyumba nyingi ni za mbao, na huko kazi ni nyepesi kidogo: skrubu ya mbao ikiingia kwenye nguzo, si kwenye ubao mwembamba wa nje, inashika.

Kisha ardhi yenyewe hutikisika. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilibomoa nyumba nyingi Bukoba, na mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021 ulifuatiwa na mitetemeko iliyopasua kuta Goma na Rubavu. Kilichoshikiliwa na lipu peke yake huwa cha kwanza kuanguka.

Kosa kubwa liko hapo kwenye lipu. Lipu ni pambo, haibebi mzigo. Tundu lazima lipite lipu liingie ndani ya tofali, katikati ya tofali na si kwenye kiungo chake. Plagi ya milimita 8 inataka keekee ya milimita 8. Fundi anayetumia ya 10 kwa kuwa ndiyo aliyonayo, kisha akajaza vijiti vya kiberiti, anatega mtego. Vumbi lipulizwe kabla ya plagi kuingia. Kwenye tofali za kuchoma, drili izimwe ule mtindo wa kugonga, maana tofali hupasuka kwa ndani bila kuonekana. Bloku zenye uwazi zinahitaji boliti ya mabawa, inayofunguka ikishapita upande wa pili. Na hakuna kutoboa juu au chini ya swichi na soketi, ndiko nyaya zinakopita.

Darini mambo ni hayohayo. Jipsamu haibebi feni. Feni hufungwa kwenye ndoano iliyozama kwenye zege, au kwenye mbao nene iliyopigiliwa baina ya mbao za kenchi, kwa sababu feni haina uzito tu, inatetemesha saa zote inapozunguka.

Mchuuzi mwerevu huuliza swali moja kabla ya kupokea fedha: nyumba yako imejengwa kwa nini? Pia hutazama nyuma ya televisheni. Umbali kati ya matundu manne, kwa mfano milimita 200 kwa 200 au 400 kwa 400, sharti ulingane na ulioandikwa kwenye boksi la breketi. Kilo 15 zikimwangukia mtoto aliyekaa chini anatazama katuni, hakuna fedha ya kurudisha.

Mwenye nyumba ya rukarakara auziwe meza ya televisheni badala ya breketi. Hapo mchuuzi hapotezi kitu. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na zilizomo kwenye orodha waliyokubaliana nchi husika, upo utaratibu wa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, na ushuru wa forodha hautozwi. Breketi ya China haipati nafuu hiyo. Kabla ya kumwagiza seremala meza 20, ni vyema kupita kwenye dawati la forodha kuuliza kama samani zimo kwenye orodha ya mpaka huo.