Si Kila Ugonjwa Hufukuzwa

Siku ya gulio sokoni Tengeru, Jumatano au Jumamosi, maradhi huzungumzwa kana kwamba yana miguu. Malaria imempanda mtu kichwani. Presha ya jirani ilipanda juzi, leo imeshuka. Kwa malaria, usemi wa namna hii hauko mbali na ukweli: vimelea huingia mwilini mbu anapouma, na dozi ya dawa ya mseto, ikimezwa kwa siku 3 bila kukatizwa, huviondoa. Presha haiendi hivyo. Vipimo vikirudi mara kwa mara vikiwa 140/90 au zaidi, mgonjwa ana hali ambayo mara nyingi haina dalili na kwa kawaida hudumu maisha yote. Ila anayeambiwa kwamba presha imeshuka ni rahisi aelewe kwamba imekwenda zake, na kilichokwenda hakidai dawa. Ndipo vidonge huachwa wakati hasa vinapofanya kazi yake.

Nguvu ya fikra hiyo ilidhihirika mwaka 2011, pale maelfu ya watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe kimoja cha dawa yake kwa shilingi 500, na ugonjwa sugu, iwe kisukari, presha au UKIMWI, uliaminiwa kuwa umekwisha. Wapo watakaosema kilichowapeleka ni umaskini, wala si lugha. Gharama za matibabu ni mzigo wa kweli, na maneno mazuri hayajazi rafu tupu za zahanati. Hata hivyo, nauli ya Samunge ilizidi bei ya kikombe mara nyingi, na miongoni mwa waliokwenda walikuwamo watumiaji wa dawa za VVU zinazotolewa bure. Hao hawakukimbia bei. Walitafuta mwisho wa ugonjwa, kwa sababu wamezoea kuamini kwamba kupona ni kufukuza.

Mwandishi Mmarekani Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alitaka maradhi yavuliwe sitiari, kwa kuwa humwongezea mgonjwa aibu na hofu. Onyo lake ni la haki, lakini tiba yake haitekelezeki: hatuna namna ya kuizungumzia mishipa tusiyoiona bila kuazima picha. Lililo mikononi mwetu ni kuchagua. Wahudumu wa afya nchini Tanzania walishachagua vizuri waliposema dawa za VVU ni za kufubaza makali ya virusi. Kinachofubazwa bado kipo, na kikiachwa hurudi na makali yake. Sababu ya kumeza dawa kila siku imo ndani ya usemi wenyewe. Presha na kisukari vinastahili lugha kama hiyo. Muuguzi anayesema "dawa imeishikilia presha yako, ukiiacha itapanda" ametumia muda uleule wa kusema "imeshuka", naye amemwachia mgonjwa sababu ya kurudi kliniki mwezi ujao.