Kompyuta Moja kwa Darasa Zima

Katika shule ya bweni, mwanafunzi hapewi jiko lake mwenyewe, sufuria yake na mzigo wake wa kuni. Chakula hupikwa mahali pamoja, na kila mmoja hufika akiwa na sahani tu. Mpango huo huokoa kuni, na mpishi mmoja aliye hodari huwatosha watu wengi. Lakini una hatari yake pia: siku jiko lile likizimika, shule nzima hulala njaa.

Mpango wa namna hiyo upo katika matumizi ya kompyuta. Unastahili kufikiriwa hasa na shule, vyuo na zahanati zilizo mbali na miji mikubwa, kama zile za Murungu wilayani Kibondo, au za vijiji vya Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Kwa miaka mingi wilaya hizo zilikuwa nje ya gridi ya Taifa, na miji yake ilipata umeme wa jenereta za dizeli. Gridi imefika katika miaka ya karibuni, lakini fundi wa kompyuta na vipuri vyake bado hutoka mbali. Mahali kama hapo, bei ya kununulia mashine ni sehemu moja tu ya gharama. Hapana budi kuhesabu pia umeme na matengenezo ya miaka inayofuata.

Jinsi mpango unavyofanya kazi

Kompyuta ya kawaida ina diski ya kutunzia programu na kazi za mtumiaji, ina kumbukumbu ya muda, na ina prosesa, yaani sehemu inayofanya hesabu zote. Darasa lenye kompyuta 20 lina diski 20 za kuharibika na programu 20 za kusafishwa virusi, moja baada ya nyingine.

Katika mpango wa jiko moja, vitu hivyo hukusanywa katika kompyuta moja yenye uwezo mkubwa, iitwayo seva. Mbele ya mwanafunzi hubaki kioo, kibodi, kipanya na kisanduku kidogo kisicho na diski. Kisanduku hicho huitwa terminali nyembamba. Wembamba wake si wa umbo bali ni wa kazi. Kinapowashwa, hupiga hodi kwa seva kwa njia ya waya wa mtandao. Seva hukipa anwani, kisha hukipelekea programu ya kuanzia. Tangu hapo kila herufi inayobonyezwa husafiri hadi kwenye seva, kazi hufanywa huko, na picha ya matokeo hurudi kwenye kioo.

Wazo hili si geni. Katika miaka ya 1960 kompyuta zilikuwa kubwa na ghali mno, na watumiaji wengi waligawana mashine moja. Lililoongezeka baadaye ni programu huria, yaani programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili, kuzichunguza na kuzirekebisha bila kulipia leseni. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ni mojawapo. Mwaka 1999 Jim McQuillan wa Marekani alianzisha mradi wa LTSP, unaoiwezesha seva ya Linux kuhudumia terminali nyingi.

Hesabu ya umeme

Tuchukue mfano wa darasa lenye wanafunzi 20. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake tuikadirie wati 100. Kompyuta 20 zitatumia wati 2,000, na kwa saa 6 za masomo zitakula uniti 12 za umeme.

Sasa tuchukue terminali yenye wati 10 na kioo chembamba chenye wati 20. Jozi 20 zitatumia wati 600. Tukiongeza wati 200 za seva na wati 20 za swichi inayounganisha nyaya, jumla ni wati 820. Kwa saa 6 ni uniti 4.92, yaani chini ya nusu. Kwa shule inayotumia umeme wa jua, tofauti hiyo hupunguza idadi ya paneli na betri za kununua.

Hata hivyo, msomaji ajihadhari na hesabu ya haraka. Kompyuta kuukuu zinazotolewa msaada zaweza kugeuzwa kuwa terminali, na mara nyingi huonekana kuwa ni bure. Lakini kompyuta kuukuu yenye kioo kizito cha zamani hula umeme kama awali, hata kama kazi yake imepunguzwa. Msaada wa namna hiyo hulipwa kidogo kidogo kila mwezi, kwenye mita.

Udhaifu wake

Udhaifu wa kwanza ni picha zinazotembea. Ukurasa wa maandishi ukibadilika kwa herufi moja, ni sehemu ndogo tu ya picha inayotumwa. Filamu ni jambo jingine. Picha yenye nukta 640 kwa 480, kila nukta ikielezwa kwa biti 24, ina biti zipatazo milioni 7.4. Ikibadilishwa mara 25 kwa sekunde, na isipobanwa, huhitaji biti milioni 184 kila sekunde. Waya wa mtandao wa biti milioni 100 hauwezi kuibeba, hata kwa mwanafunzi mmoja.

Kwa sababu hiyo, LTSP iliyoandikwa upya mwaka 2019 hutumia zaidi njia ya kati: programu na mafaili hubaki kwenye seva, lakini kazi hufanywa na prosesa na kumbukumbu ya terminali yenyewe. Terminali hizo huitwa nene. Hudai visanduku vyenye nguvu zaidi, ila huipunguzia seva mzigo. Anayechagua terminali nyembamba aipe seva kumbukumbu ya kutosha. Gigabaiti 4 za msingi na moja kwa kila mtumiaji ni kadirio la busara, yaani 24 kwa darasa letu.

Udhaifu wa pili ndio ule wa jiko kuzimika. Seva ikifa, vioo vyote 20 hubaki vitupu. Kinga yake ni diski mbili zinazoandikwa pamoja, nakala za akiba zinazotunzwa nje ya chumba hicho, kinga ya radi, na betri ya kuiwezesha seva kuzimwa kwa utaratibu umeme unapokatika. Hapa pana nafuu: terminali hazina diski ya kuharibika, kwa hiyo ni seva tu inayohitaji betri hiyo.

Fundi na lugha

Tanzania ina historia ya kukumbukwa katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mpango wa kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta kwenda kombo, Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa mashine hizo. Mashine isiyo na wataalamu wa kutosha wa kuiendesha iligeuka mzigo.

Programu huria haziondoi haja ya mtaalamu, ila humruhusu mwalimu wa Kibondo kufungua, kuchunguza na kujifunza bila kuomba kibali cha kampuni. Zaruhusu pia kubadilishwa lugha. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa maandiko asilia ya programu hizo yalikuwa wazi kwa kila mtu.

Basi taasisi inayokusudia kufuata mpango huu ijiulize mambo matatu kabla ya kutoa fedha. Kazi kubwa ya wanafunzi ni maandishi na hesabu, au ni filamu? Umeme utakaotumika kwa mwaka mzima utagharimu kiasi gani? Na ni watu gani wawili, wanaoishi papo hapo, watakaofundishwa kuitunza seva? Wanatakiwa wawili, kwa sababu mmoja akihamishwa kituo cha kazi, ujuzi wote huondoka naye. Ikiwa swali hilo la tatu halina jibu, ni heri fedha za mwanzo zitumike kufundisha watu, na mashine zifuate baadaye.