Kalemie: Usiku wa krizi, mama wa mtoto SS anapata wenzake kwenye simu

Ilikuwa saa nane ya usiku, mwezi wa saba, wakati upepo wa kusini unapiga ziwa Tanganyika na mabati ya nyumba za Kalemie hayalali. Mtoto wa yaya wangu, msichana wa miaka 7, alikuwa akilia huku ameshika miguu. Mama yake alikuwa amekwisha kumpa dawa ya maumivu, amemnywesha maji ya vuguvugu na kumfunika mablanketi mawili. Lakini homa ilizidi kupanda.

Yaya alichukua simu na kuandika maneno machache katika kundi la WhatsApp la wazazi wenye watoto SS: krizi imeanza, macho ni ya manjano, midomo imekuwa myeupe. Twende hospitali ao tungoje kuche?

Majibu hayakuchukua dakika tano. Mama mmoja aliandika kutoka Uvira, papa mwingine kutoka Lubumbashi, na jirani ambaye hatukujua kwamba naye ana mtoto SS aliandika kutoka hapa hapa Kalemie. Wote walisema jambo moja: mtoto SS mwenye homa hangoji asubuhi. Tulipanda taksi-moto, mtoto katikati yetu. Muganga wa zamu alipompima alikuta damu imeshuka sana. Alihitaji kuongezewa usiku ule ule.

Kama kawaida, familia ndiyo iliambiwa itafute wa kutoa damu. Yaya alirudi kwenye simu. Kabla jua halijatoka ziwani, watu wawili ambao hatukuwafahamu walikuwa wamesimama mlangoni pa hospitali, mikono ya mashati imekunjwa. Mtoto alirudi nyumbani baada ya siku sita.

Ninasimulia habari ya nyumba yetu kwa sababu najua si nyumba moja. Ugonjwa huu uko katika mitaa yote ya mji wetu, ila watu wanauficha.

Ugonjwa wa damu, si ulozi

Wafaransa wanauita drepanositozi. Sisi Wakongo tumezoea kusema SS. Ni ugonjwa wa kurithi: mtoto anazaliwa nao, haambukizwi na mtu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, kwake zinajikunja kama mundu na kuwa ngumu. Zinakwama katika mishipa midogo, damu haipiti vizuri, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo yanapoanza. Chembe ya mtu mzima wa afya inaishi siku 120 hivi. Chembe ya mtoto SS inaishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu damu inapungua na macho yanakuwa ya manjano.

Ili mtoto awe SS, lazima apokee kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia. Mara nyingi wazazi wenyewe ni AS: wana kasoro upande mmoja, hawaugui, na hawajui. Watu wawili AS wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kuleta mtoto SS. Si kwamba akizaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba inaanza hesabu upya.

Ulimwenguni kote, nchi tatu zinatajwa kuwa na watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu: Nigeria, India na Kongo yetu. Kule Kinshasa, daktari Léon Tshilolo na wenzake walipima damu ya watoto wachanga 31 204. Matokeo yalitolewa mwaka 2009: karibu 17 kwa kila 100 walikuwa AS, na 14 hivi kwa kila 1 000 walikuwa SS. Wingi huu una sababu yake. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watu AS wanakingwa kwa kiasi fulani na malaria kali. Mahali ambapo mbu ameua watu kwa karne nyingi, hao ndio waliobaki na kuzaa.

Familia yetu haikujua hayo. Mdogo wangu alifariki mwaka 2003, wakati wa vita, akiwa na miaka 6. Kila mara alikuwa na vidole vilivyovimba, macho ya manjano na maumivu ya usiku. Kwenye kilio chake watu walimnyooshea kidole bibi mmoja mjane wa ukoo wetu, wakisema amemla mtoto. Bibi yule alihama mtaa na hakurudi. Ni miaka mingi baadaye, msichana wa yaya alipopimwa, ndipo tulipofahamu kilichomuua ndugu yetu. Bibi alikuwa amekwisha kufa, na hakuna aliyemwomba radhi.

Kampala, 1987

Wagonjwa kutafuta wenzao si jambo lililoletwa na simu. Mwaka 1987 huko Kampala, Noerine Kaleeba, ambaye mume wake Christopher alikuwa amekufa kwa SIDA mwezi wa kwanza wa mwaka huo, alikusanyika na watu wengine 15. Wengi wao walikuwa wagonjwa ao walikuwa na mgonjwa nyumbani. Wakati huo dawa za kupunguza makali hazikuwepo na jirani aliogopa hata kukushika mkono. Wao walikutana, wakaongea, wakalia, wakatembeleana. Kutokana na mikutano hiyo ilizaliwa TASO, shirika ambalo hadi leo linahudumia wagonjwa Uganda.

Walichopeana mwanzoni hakikuwa dawa. Kilikuwa ni kumwona mtu mwingine mwenye shida ile ile ambaye bado anacheka, bado analima, bado anapeleka watoto shuleni. Hicho ndicho ninachokiona leo kwenye simu ya yaya. Miaka miwili ya kwanza alificha ugonjwa wa mtoto hata kwa wakwe zake. Siku aliyoingizwa katika kundi, alikuta picha ya mwanamke SS wa miaka 41 akiwa na mtoto wake mwenyewe mgongoni. Yaya alikuwa ameambiwa na watu kwamba watoto hawa hawafiki miaka 10. Aliitazama picha ile siku nzima.

Ng'ambo ya ziwa wanasema selimundu

Kwa sisi wa Kalemie kuna faida nyingine. Maelezo mengi ya ugonjwa huu nchini mwetu yako kwa Kifaransa cha madaktari. Lakini ng'ambo ya ziwa, Tanzania, watu wanaueleza kwa Kiswahili. Wao wanauita selimundu, yaani seli na mundu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imefuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004, katika kazi ambayo profesa Julie Makani ni kati ya walioiongoza. Mafunzo ya huko yanasikika hadi huku, kwa sauti zinazotumwa kutoka simu moja hadi nyingine. Mama ambaye hakusoma Kifaransa anasikiliza, anaelewa, na kesho yake anamwuliza muganga swali la maana.

Mashauri ni ya kila siku: mtoto anywe maji mengi, asikae kwenye baridi, asioge ziwani wakati wa upepo, alale ndani ya chandarua, asikimbizwe hadi achoke kabisa. Mama afundishwe kupapasa tumbo upande wa kushoto ajue kama bandama limevimba ghafla, maana hiyo ni hatari ya kukimbilia hospitali. Mwalimu aombwe amruhusu mtoto kutoka kunywa maji na kwenda haja bila kumfokea.

Mahali ambapo kundi linashindwa

Lakini simu ina pande mbili. Kila juma, mtu anaingia kundini akiuza chupa ya majani, mafuta ao maji ya maombi, akiahidi kwamba baada ya miezi mitatu SS itageuka kuwa AA. Haiwezekani. Hakuna majani yanayobadilisha kile ambacho mtoto amerithi. Yaya mwenyewe alilipa franka za karo ya shule kwa muuzaji wa namna hiyo. Mtoto alipoacha vidonge vyake ili «asichanganye dawa», alipata krizi mbili kwa mwezi mmoja.

Habari nyingine ni ya kweli ila inafika nusu. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba mpya inayotengeneza upya chembe za mgonjwa mwenyewe. Ujumbe ulizunguka katika makundi: dawa ya SS imepatikana! Ni kweli kwamba watu kadhaa waliotibiwa hawapati tena krizi. Lakini bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2,2 kwa mgonjwa mmoja, na inahitaji hospitali kubwa na dawa kali za kuandaa mwili. Mama wa Kalemie asiuze kiwanja akitegemea habari hiyo.

Tena simu inaweza kuzimika. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini mwetu na haikurudi kwa karibu siku 20. Kwa wengi ilikuwa kukosa habari za matokeo. Kwa mzazi aliyezoea kutafuta damu kupitia WhatsApp, ilikuwa kurudi kwenye upweke wa zamani. Hata siku za kawaida, mwenye kukosa pesa za mega ao umeme wa kuchaji anakaa nje ya kundi. Na huyo mara nyingi ndiye mwenye shida zaidi.

Kuna pia siri ya mtoto. Picha yake akiwa kitandani, na sindano mkononi, inatoka kundini na kufika kwa wanafunzi wenzake. Mtoto wa miaka 7 leo atakuwa na miaka 17 kesho. Tumwulize, ao tusitume.

Dawa iliyojaribiwa Kongo

Kinachoongeza miaka ya mtoto SS ni matunzo ya hospitali yanayoanza mapema. Penisilini ya kila siku hadi miaka 5 inamkinga na vimelea vinavyoua haraka. Chanjo zote zitimizwe. Na kuna kidonge kinachoitwa hidroksiurea. Kilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 wa mwaka 1 hadi 10 katika nchi nne: Angola, Kenya, Uganda na Kongo yetu, katika hospitali ya Monkole, Kinshasa. Matokeo yalitolewa Desemba 2018. Ikilinganishwa na kipindi cha kabla ya dawa, krizi za maumivu zilipungua kwa zaidi ya nusu, malaria kwa karibu nusu, haja ya kuongezewa damu kwa theluthi mbili hivi, na vifo kwa asilimia 70 hivi.

Dawa hiyo si ya kununua tu sokoni na kumeza. Muganga anapima damu, anapanga kiasi kufuatana na uzito, na anaendelea kufuatilia. Kundi linaweza kumkumbusha mama siku ya kurudi kwa muganga. Haliwezi kupanga kiasi cha dawa.

Hapo serikali na jimbo wana deni kwetu. Tangu Desemba 2008 Umoja wa Mataifa umekubali kwamba ugonjwa huu ni jambo la afya ya umma, na tarehe 19 Juni ya kila mwaka ni siku yake. Kila tarehe hiyo hotuba zinatolewa. Wazazi wanaomba vitu vitatu: kipimo kwa kila mtoto anayezaliwa, dawa kwa bei ambayo mvuvi na muuza samaki wanaweza, na akiba ya damu ili mtu asizunguke usiku akitafuta mkono wa kudungwa sindano.

Sisi nasi tuna kazi. Vijana wanaotaka kuoana wapime elektroforezi ya hemoglobini. Si kila kituo cha afya kinacho kipimo hicho, lakini muganga atasema mahali pa kwenda. Mimi nilipima mwaka jana kabla ya kupeleka mahari: ni AS. Nilimwambia mchumba wangu siku hiyo hiyo, na nikaogopa kwa juma zima hadi jibu lake lilipotoka. Yeye ni AA. Watoto wetu wanaweza kuwa AS kama mimi, ila hawatakuwa SS.

Msichana wa yaya amerudi shuleni, na chupa yake ya maji haitoki mkobani. Juzi usiku nililala kwao. Mnamo saa tisa simu ililia, na yaya akaamka. Alikuwa mama mgeni, mtoto wake wa miezi 9 vidole vyote vimevimba, hajui ni nini. Yaya aliwasha taa, akakaa kitandani, akaanza kumwandikia: usingoje asubuhi.