Mcheza Kwao Hutunzwa. Na Akiwa Ni Binti?

ZIWA, Uasin Gishu

Siku moja, baada ya swala ya alasiri, mjukuu wangu aliingia dukani na karatasi mkononi. Akaniamkia mara mbili. Mtoto anayekuamkia mara mbili ana haja, nami nikangoja niisikie.

Karatasi ilitoka shuleni kwao. Ilieleza kwamba amechaguliwa kucheza kandanda katika timu ya wasichana, na mlezi wake alitakiwa kutia sahihi kabla ya Ijumaa. Mlezi ni mimi. Wazazi wake wako Qatar kwa kazi, na binti huyu nimekaa naye hapa Ziwa tangu alipoanza sekondari.

"Unacheza wapi?" nikamwuliza.

"Mlinda mlango, babu."

Nikaiweka ile karatasi chini ya mizani. Ikalala hapo siku tatu.

Kwa msomaji asiyepajua, Ziwa ni mji mdogo wa mahindi na maziwa, si mbali na Eldoret. Asubuhi baridi yake haina masihara. Mimi ni mtu wa Mombasa, niliyekuja huku zamani na marobota mawili ya nguo, nikidhani nitakaa mwaka mmoja. Wenyeji wamenizoea, nami nimewazoea. Lakini panapokuja jambo la mtoto wa kike, ndugu msomaji, mtu hukumbuka kwao.

Usiku ule nikampigia simu dada yangu mkubwa, Mji wa Kale. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwacha mila ni mtumwa. Tangu lini mtoto wetu akapiga mpira na mapaja nje, wanaume wamejipanga kando wakimtazama akitikisika? Bara kumekuharibu, ndugu yangu."

Sikuwa na jibu. Nikasema nitafikiri.

WANAOPITA ALFAJIRI

Kila siku, kabla sijafungua mlango wa duka, wasichana hupita barabarani wakikimbia. Huku kwetu binti anayejua kukimbia ni shamba lililostawi. Wazazi humwamsha wenyewe, na jirani humwombea heri. Hakuna anayeuliza amevaa nini.

Lakini njia hii nayo ilichongwa. Kenya ilipopeleka wanawake kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, Mexico mwaka 1968, walikuwa watatu tu: Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai. Medali ya kwanza ya mwanamke wa Kenya ilingoja hadi 1996, Pauline Konga alipopata fedha katika mbio za mita 5,000 huko Atlanta. Dhahabu ya kwanza aliileta Pamela Jelimo mwaka 2008 kutoka Beijing, katika mita 800. Hesabu mwenyewe: kutoka 1968 hadi 2008 ni miaka arubaini. Macho ya watu nayo yalihitaji muda kuzoea.

Nilijua atakalosema dada: hao ni watu wa bara, wana mila zao. Basi nikatafuta mfano wa karibu, mahali ambapo adhana inasikika kutoka kila upande. Nikaupata Unguja.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Habari yenyewe inaanzia mbali, Norway, nchi ya theluji. Mwaka 1986, katika mkutano mkuu wa FIFA uliofanyika Mexico, mwanamke mfupi wa kimo aitwaye Ellen Wille, mjumbe wa Norway, alisimama mbele ya ukumbi uliojaa wanaume. Akadai wanawake nao wapewe Kombe la Dunia lao. Miaka miwili baadaye, 1988, FIFA ikafanya mashindano ya majaribio huko China. Mataifa kumi na mawili yakaenda, na Norway ikaifunga Sweden bao 1-0 katika fainali. Majaribio yale ndiyo yaliyozaa Kombe la Dunia la wanawake la 1991.

Mwaka huohuo wa 1988, timu ya wanawake kutoka Sweden ilizuru Zanzibar. Wageni wakataka mchezo. Wenyeji hawakuwa na timu ya wanawake! Ikabidi itafutwe, na wanawake wa Unguja wakakusanyika wakajiita Women Fighters, yaani wapiganaji wa kike. Wageni walirudi kwao, kama wageni wote. Women Fighters wakabaki uwanjani.

Jina lililoshikamana na timu ile ni la Nasra Juma Mohammed. Alikuwa mchezaji na nahodha, kisha akawa kocha na mlezi wa wenzake. Mwaka 2007 mtengenezaji wa filamu kutoka Cameroon, Florence Ayisi, alimpeleka Nasra na wenzake mbele ya dunia katika filamu iitwayo Zanzibar Soccer Queens.

Nilipoitazama filamu ile ndipo nilipotambua kwamba dada yangu hayuko peke yake. Wanawake wale wanaonekana mitaani wamejisitiri kama mama zetu na shangazi zetu. Kisha wanaonekana kiwanjani na jezi na kaptula, wakikimbizana na gozi. Wanaume walioulizwa hawakufichana. Wako waliosema mpira si wa mwanamke wa Kiislamu. Wako waliosema mwanamke kazi yake ni nyumba. Na wanawake wenyewe nao wakaeleza yao, bila ugomvi: kwamba ni Waislamu, kwamba ni watoto wa watu, na kwamba wanaupenda mchezo.

Hapa, ndugu msomaji, nilisimama kidogo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wanawake wale walicheza kwao hasa, chini ya macho ya watu waliowajua tangu utoto. Walitunzwa nini? Mshahara haukuwapo. Kilichokuwapo ni maneno ya barazani, na kwa binti anayengoja posa, maneno ya barazani si kitu chepesi.

Nasra hakutoka. Alipomaliza kucheza alifundisha, na ujuzi wake ukavuka bahari hadi Bara, ambako alifanya kazi katika benchi la makocha wa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania. Twiga Stars walifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010, huko Afrika Kusini. Kule Unguja kikosi kingine, New Generation Queens, kilishika nafasi ya Women Fighters, nacho pia kikatengenezewa filamu. Mwaka 2016 Zanzibar ilipeleka timu yake ya wanawake kwenye mashindano ya CECAFA mjini Jinja, Uganda. Walifungwa mabao mengi, hilo halifichiki. Lakini kufungwa ni kwa aliyeingia kiwanjani.

BINTI ALIYEVUKA BAHARI

Sasa tazama mambo yalivyogeuka. Mwaka 1988 Wasweden ndio waliokuja kwetu wakatukuta hatuna timu. Mwaka 2022 binti wa Kitanzania, Aisha Khamis Masaka, mwenye umri wa miaka 18, alitoka Yanga Princess ya Dar es Salaam akaenda Sweden kwa mkataba, kuchezea klabu ya Häcken ya mji wa Göteborg.

Alikuwa mshambuliaji aliyekwisha kuzoeleka katika timu za taifa za vijana. Huko alikokwenda kuna baridi inayoifanya hii ya Ziwa kuwa mchezo. Mwaka 2023 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi ya Mabingwa wa Ulaya ya wanawake. Mwaka 2024 akahamia Brighton ya Uingereza, akiwa pia Mtanzania wa kwanza kusajiliwa katika ligi kuu ya wanawake ya nchi ile.

Sisemi kwamba Nasra ndiye aliyemfundisha Aisha. Nasema mlango haufunguki mpaka awepo wa kwanza kuubisha, naye mara nyingi hupita maisha yake yote nje.

Na sisi Kenya tusijidharau. Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walikwenda Jamhuri ya Dominika, wakawa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya, ya wake au ya waume, kufika Kombe la Dunia la FIFA. Umri wao ni umri wa mjukuu wangu.

NENO MOJA MJINI PARIS

Hata hivyo neno moja la dada lilikuwa bado limenikaa kooni: "akitikisika." Jibu lake nililipata kwa Mnorway.

Ada Hegerberg alikulia Sunndalsøra, mji mdogo wa milima na maji. Dada yake Andrine naye alicheza kandanda. Mwaka 2014 alijiunga na Lyon ya Ufaransa, akafunga mabao mpaka watu wakachoka kuhesabu. Mwaka 2017 aliacha kuichezea timu ya taifa lake, akisema kandanda la wanawake halipewi heshima linayostahili. Alikosa Kombe la Dunia la 2019 kwa ajili ya msimamo huo, ijapokuwa mwezi Mei mwaka huohuo alikuwa amefunga mabao matatu katika fainali ya Ulaya mjini Budapest, Lyon ilipoishinda Barcelona 4-1. Alirudi timu ya taifa mwaka 2022, na mechi yake ya kwanza, dhidi ya Kosovo, akafunga tena matatu.

Lakini mimi nataka usiku wa tarehe 3 Desemba 2018, Paris. Usiku ule Ada, mwenye miaka 23, alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kupewa mpira wa dhahabu, tuzo ya mchezaji bora. Alipokwisha kupokea, mwendesha sherehe akamwuliza kama anajua kukata kiuno kwa ile ngoma ya kutikisa makalio. Mbele ya dunia nzima!

Ada akajibu, "Hapana." Akageuka aende zake.

Yule bwana alilaumiwa kila pembe, akaomba radhi. Mimi nikachukua simu.

"Dada," nikasema, "kuna binti aliyetakwa atikisike mbele ya ulimwengu. Akakataa kwa neno moja. Aibu ikambakia aliyeuliza. Huyu si Mwislamu, wala si mtu wa kwetu, lakini hilo si ndilo tunalowafunza mabinti zetu?"

Dada akanyamaza. Kisha akauliza neno lililo zito kuliko yote: "Na sitara je?"

SITARA NA SHERIA

Swali lile lilikuwa haki yake. Kwa miaka mingi sheria za mpira zenyewe zilimfungia nje binti mwenye mtandio. Mwezi Juni 2011 wasichana wa Iran walikwenda Amman, Jordan, kucheza mechi ya kuwania Olimpiki, wakazuiwa kwa sababu ya kufunika vichwa. Walilia kiwanjani na bendera yao. Kwao jamaa walisema vaa. Huku mwamuzi akasema vua. Binti aende wapi?

Mwaka 2012 kikao cha watunga sheria za mpira kiliruhusu mtandio kwa majaribio, na mwaka 2014 ruhusa ikawa ya kudumu. Tarehe 30 Julai 2023, mjini Adelaide, Australia, Nouhaila Benzina, mlinzi wa Morocco, akawa wa kwanza kucheza Kombe la Dunia la wakubwa akiwa amejifunika kichwa. Morocco ikaishinda Korea Kusini 1-0.

Hukumu ya dini si kazi ya muuza duka. Ijumaa iliyofuata nilipokwenda Eldoret kuswali nilimwuliza ustadh mmoja, mtu mzima aliyelea mabinti wanne. Alinirudishia maswali matatu: atavaa nini, swala yake itakuwa wapi, na nani atakuwa pamoja naye wakisafiri? Akasema, "Ukiwa na majibu, wewe ndiye mlezi."

KANDO YA KIWANJA

Karatasi ilikuwa imekwisha kupita siku yake. Nikaenda shuleni mwenyewe kuomba radhi, nikakuta mazoezi yanaendelea. Sikujionyesha. Nilisimama penye ua wa michongoma.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama kati ya miti miwili iliyo lango. Suruali ndefu, mikono mirefu, na mtandio ameuchomeka shingoni ndani ya fulana. Mlinda mlango ruhusa yake ni hiyo kila mahali, nami sikuwa nimeliwaza. Mpira wa kwanza aliudaka. Wa pili ulimpita. Akaanguka kwenye vumbi, akainuka, akajikung'uta, akaufuata nyuma na kuurudisha kati. Hakulia, wala hakumlaumu mtu. Kando yangu palikuwa na wanaume watatu. Mmoja akasema, "Huyo mtoto wa Mswahili ana moyo." Hakusema jingine.

Mwalimu wa kike anayesafiri nao alinijibu maswali mawili ya ustadh bila kusita: swala watasimama njiani, na yeye hawaachi usiku wala mchana. Nikatia sahihi.

Nilipompa dada habari, hakuniambia nimefanya vyema. Alisema tu, "Mambo ya watoto wa siku hizi," akakata simu. Baada ya siku nne, kifurushi kilinifikia kwa basi la kutoka Mombasa. Ndani mlikuwa na mitandio miwili ya pamba, midogo, imeshonwa lastiki pembeni ili isifunguke mtu akiruka.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo walivyosema. Kutunza, basi, ni kazi yetu sisi tuliosimama kando ya kiwanja.