Umenunua nyumba Marekani, bomba likavuja: Mkaguzi aliyesema "iko poa" analipa?

Tuanze na mfano. Familia moja ya Kiswahili iko Texas. Baba anaendesha lori, mama anapiga shifti za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Wamebana matumizi kwa miaka, wakapata malipo ya awali, wakanunua nyumba yao ya kwanza. Kabla ya kusaini walimlipa mkaguzi. Ripoti ikaja na picha kibao, na upande wa mabomba hakukuwa na tatizo kubwa.

Miezi mitatu baadaye choo kinarudisha maji. Fundi bomba anapitisha kamera, anakuta bomba la majitaka limepasuka chini ya sakafu. Bei anayotaja inakata pumzi.

Swali la kwanza linalokuja kichwani: si tulimlipa mtu akague? Kwa nini asilipe yeye?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, lakini si kila mara. Twende hatua kwa hatua.

(Mfano huu ni wa kubuni, ila hali yenyewe inawakuta watu kweli.)

Mkaguzi wa nyumba ni nani hasa?

Kwetu ukitaka kununua nyumba unamwita fundi unayemwamini, anazunguka, anagonga ukuta, anakwambia maoni yake. Marekani hiyo ni kazi rasmi. Mnunuzi anamlipa mkaguzi, anakaa kwenye nyumba saa kadhaa, anaangalia paa, umeme, msingi, mabomba na vinginevyo, kisha anaandika ripoti.

Kuna vyama vya wakaguzi vyenye viwango vya kazi. Vinavyojulikana zaidi ni ASHI, kilichoanzishwa 1976, na InterNACHI. Baadhi ya majimbo, kama Texas na New Jersey, yanataka mkaguzi awe na leseni. Mengine, kama California na Georgia, hayana leseni hiyo.

Hapo ndipo wengi tunapojichanganya. Tunadhani ukaguzi ni dhamana, kwamba akisema nyumba nzima basi nzima. Sivyo. Ukaguzi ni maoni ya mtaalamu kuhusu alichoweza kukiona siku ile.

Upande wa mabomba anatakiwa kuangalia nini?

Kwa viwango vya ASHI, mkaguzi anatakiwa kuangalia:

- mabomba ya maji safi yanayoonekana ndani ya nyumba
- sinki, vyoo, bafu na koki zake
- mabomba ya majitaka na ya hewa yanayoonekana
- hita ya maji

Pia anatakiwa kuandika mabomba ni ya aina gani, shaba, chuma au plastiki, na koki kuu ya kufungia maji iko wapi.

Asivyolazimika kuvigusa:

- mabomba yaliyo ndani ya ukuta au chini ya jamvi la zege
- bomba la majitaka lililozikwa uani mpaka barabarani
- kisima, na tangi la majitaka lililochimbiwa
- ubora wa maji yenyewe

Yaani hapasui ukuta wala hachimbi. Anaangalia kile ambacho macho yanafika bila kuhamisha kabati au kubomoa kitu.

Sasa rudi kwenye mfano wetu. Bomba limepasuka chini ya jamvi. Kama hakukuwa na dalili yoyote juu, kesi ya familia hiyo ni ngumu. Lakini kama siku ya ukaguzi maji yalikuwa yanashuka polepole kwenye bafu zote, au kulikuwa na doa bichi sakafuni, na mkaguzi hakuandika chochote, hapo mambo yanabadilika.

Lini anabeba lawama kisheria?

Kipimo kikubwa ni hiki: mkaguzi mwingine makini, akiwa kwenye nyumba ile siku ile, angeliona tatizo? California wameliandika kabisa kwenye sheria yao, kwamba mkaguzi afanye kazi kwa uangalifu ambao mkaguzi makini angeutumia.

Ili kumbana, kwa kawaida unahitaji kuonyesha mambo manne:

1. Alikuwa na wajibu kwako. Mkataba unaonyesha hilo.
2. Hakufikia kiwango cha kazi yake.
3. Kosa hilo ndilo lililokusababishia hasara.
4. Hasara yenyewe ina thamani inayopimika.

Namba tatu ndiyo inayoangusha wengi. Mkaguzi hakupasua bomba, lilishapasuka kabla hujafika. Hasara aliyokusababishia ni kwamba ulinunua bila kujua. Kwa hiyo lazima uonyeshe kwamba ungejua, ungeshusha bei, ungemtaka muuzaji atengeneze, au ungeachana na nyumba.

Namba mbili nayo haitoshi kusema tu "aliboronga". Mara nyingi unahitaji mkaguzi mwingine atoe ushahidi kwamba kosa lilikuwa wazi.

Mfano wa kosa la wazi: bomba za kijivu

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1995 hivi, nyumba nyingi Marekani ziliwekewa mabomba ya plastiki yaitwayo polibutilini. Mengi ni ya rangi ya kijivu. Ikaja kugundulika kwamba klorini iliyo kwenye maji inayachosha, yanakuwa kama kigae, yanapasuka bila taarifa. Kesi ya Cox dhidi ya Shell Oil iliishia kwenye makubaliano ya mwaka 1995 yaliyoanza na mfuko wa dola milioni 950 kwa wenye nyumba.

Mfuko huo umeshafungwa, lakini mabomba bado yapo kwenye nyumba nyingi. Sasa ikiwa bomba hizo zinaonekana wazi pale kwenye hita ya maji, na ripoti ikaandika ni shaba, au ikakaa kimya, mkaguzi atapata shida kujitetea. Hakuhitaji kupasua ukuta. Alihitaji kuinama tu na kutazama.

Karatasi uliyosaini haraka haraka

Hapa ndipo kuna mtego. Kabla ya ukaguzi unatumiwa mkataba kwenye simu. Unateleza hadi chini, unasaini kwa kidole. Ndani yake mara nyingi kuna vipengele vitatu:

- Kikomo cha malipo. Kwamba akikosea, mwisho anarudisha ada ya ukaguzi tu. Ulimlipa dola 400, hasara ni dola 15,000, unarudishiwa 400.
- Muda mfupi wa kudai. Mwingine unakupa mwaka mmoja tu.
- Usuluhishi. Hutaenda mahakamani, mtakaa mbele ya msuluhishi binafsi.

Je, kikomo hicho kinasimama? Inategemea jimbo.

New Jersey kulikuwa na kesi ya Lucier dhidi ya Williams, mwaka 2004. Ada ilikuwa dola 385, mkataba ukasema mkaguzi hatalipa zaidi ya nusu yake, yaani dola 192.50. Tatizo lilikuwa la paa, siyo bomba, ila hoja ni ileile. Mahakama ya rufaa ilikikataa kipengele hicho, ikaona kwamba kumwachia mtaalamu alipe kiasi kidogo namna ile kunaondoa maana ya yeye kuwajibika.

California sheria inasema kipengele cha kumlinda mkaguzi asilipe zaidi ya ada yake hakina nguvu. Na muda wa kufungua kesi hauzidi miaka minne tangu siku ya ukaguzi. Siyo tangu siku ulipoona maji.

Lakini kuna majimbo ambako mahakama zimekubali vikomo hivyo. Kwa hiyo usisikilize ya jirani aliye jimbo lingine. Angalia ya jimbo lako.

Hata ukishinda, ana pesa?

Swali zuri. New Jersey inamtaka mkaguzi awe na bima ya makosa ya kikazi isiyopungua dola 500,000 kwa tukio. Texas nao wanataka bima, kima cha chini dola 100,000. Kwenye majimbo yasiyo na leseni, unaweza kukuta mkaguzi hana bima kabisa. Muulize kabla, siyo baada.

Usimsahau muuzaji

Majimbo mengi, Texas na California yakiwemo, yanamtaka muuzaji ajaze fomu kueleza kasoro anazozijua. Kama fundi bomba anakwambia "hapa palishawahi kuzibwa", au unakuta dari limepakwa rangi mpya mahali pamoja tu, huenda muuzaji alijua akanyamaza. Kesi dhidi yake wakati mwingine ina nguvu kuliko ile ya mkaguzi.

Angalia pia bima ya nyumba. Kwa kawaida inalipia maji yaliyomwagika ghafla, kama bomba kupasuka. Uvujaji wa taratibu wa miezi mingi mara nyingi haulipwi.

Maji yameshamwagika. Fanya hivi

1. Funga koki kuu. Kausha haraka. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linashauri sehemu iliyolowa ikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 ili ukungu usiote.
2. Piga picha na video kabla hujagusa kitu. Kipande cha bomba kilichokatwa usikitupe.
3. Soma ripoti ya ukaguzi, siyo muhtasari tu. Tafuta maneno kama "hapakufikika" au "aitwe fundi bomba". Kama alikushauri hivyo nawe ukapuuza, hoja yako inapungua.
4. Mwandikie mkaguzi kwa barua pepe, mwalike aje aone kabla ya matengenezo makubwa. Mikataba mingi inamtaka mteja afanye hivyo. Ukibomoa kwanza, atasema ushahidi umepotea.
5. Pata bei za mafundi wawili au watatu, kwa maandishi.
6. Kama hasara si kubwa sana, kuna mahakama za madai madogo. Texas kikomo ni dola 20,000, California dola 12,500 kwa mtu binafsi. Unaweza kwenda bila wakili. Zaidi ya hapo, tafuta wakili.

Bado hujanunua? Hapa ndipo pa kuokoa pesa

- Lipia ukaguzi wa kamera kwenye bomba la majitaka. Unauzwa kando, na ni bei ndogo ukilinganisha na kuchimba uani. Nyumba za zamani zina mabomba ya udongo au ya chuma, na mizizi ya miti inapenda kupenya humo.
- Nyumba iliyo juu ya jamvi la zege, kama zilivyo nyingi Texas, uliza kuhusu kipimo cha kujaza maji kwenye bomba za chini ya sakafu. Hicho ni cha fundi bomba mwenye leseni.
- Tafuta mkaguzi mwenyewe. Dalali anaweza kukupa majina, lakini dalali analipwa nyumba ikiuzika.
- Nenda siku ya ukaguzi. Fungua koki zote, vuta choo, uliza maswali. Lugha ikisumbua, nenda na mtoto wa ndugu anayejua Kiingereza vizuri.
- Omba mkataba siku moja kabla, uusome umetulia.

Makala hii ni ya kukupa mwanga, haichukui nafasi ya wakili wa jimbo lako. Lakini ukikumbuka jambo moja, liwe hili: ripoti ya ukaguzi inasema kilichoonekana. Yaliyozikwa chini ya sakafu hayamo humo, na ukitaka kuyajua ni lazima uyalipie kando kabla hujasaini.